Mafuta ya Nguruwe na Mkono wa Bogdanka

Kila Septemba ua wa Bogdanka hunukia pilipili hoho za kuchoma. Mtaa mzima unaijua ajvari yake, rojo la hoho linalokorogwa kwenye jiko la uani kwa saa nne mpaka lishike. Mwiko wake hampi mtu, hata Ljupka, mke wa mwanawe.

"Mama, nikupokee kidogo?"

"Utaiunguza. Wewe menya."

Mara rojo likatokota, likamrukia Bogdanka mkono wa kulia.

"Nakufa! Lete mafuta ya nguruwe!"

Ljupka alikuja mbio na kopo. Rumena, jirani yao muuguzi, akapiga kelele toka uani kwake. "Usimpake! Maji!"

"Bibi yangu alipaka mafuta, mama yangu alipaka!" Bogdanka alifoka.

Rumena alishaingia. "Mama, hoho ukishazichoma, unazifunika kwenye sufuria kwa nini?"

"Joto libaki ndani, ganda libanduke. Nani asiyejua?"

"Basi mafuta ndiyo kifuniko. Unataka na ngozi yako ibanduke?"

Bogdanka akalisukuma kopo kando. Lugha hiyo aliielewa.

Rumena alimvua pete kabla vidole havijavimba. Ljupka akaushika mkono chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika ishirini.

"Tuweke barafu?"

"Hapana, nayo inaumiza ngozi." Rumena aliinama kutazama. "Ngozi ingekuwa nyekundu tu, ingekuwa imeungua juu juu. Haya malengelenge na maumivu, moto umeingia chini zaidi. Msiyapasue. Ngozi ikiwa nyeupe au nyeusi, ngumu, tena haiumi, hiyo ndiyo mbaya kabisa."

"Kumbe dogo. Nipe mwiko."

"Dogo, lakini ni mkono! Ukiungua mkono, uso au kwenye kiungo, au jeraha likizidi kiganja chako, ni hospitali."

Machozi yakamlenga Bogdanka. "Na ajvari yangu? Na mkono huu ukikakamaa, nani atakoroga?"

"Leo nitakoroga mimi," alisema Ljupka.

Rumena alifunika jeraha kwa kitambaa safi, akampeleka hospitali; Ljupka akabaki na mwiko.

Baada ya wiki tatu kidonda kilipona na vidole vikakunjika vizuri. Sasa mpira wa maji unakaa karibu na jiko, na mwiko ni wa mpini mrefu.

Siku ya sherehe ya familia, wageni walilamba vidole. "Bogdanka, mwaka huu umejishinda!"

"Si mimi. Kakoroga mkamwana wangu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Akainua mkono wake wa kulia. "Na huu pia kauokoa yeye, kaushika dakika ishirini chini ya bomba."

Ljupka hakujua aangalie wapi kwa fahari.