Kipande cha Mgongo wa Iriza

Kabati lilikuwa limefungwa vizuri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Adolphine Asende tangu mwanzo. Mwizi gani wa mji wa Baraka huyu, anaiba halafu anarudishia mlango?

Juu ya meza ya chumba cha kutakasia vifaa, katika hospitali ya misheni, kulikuwa na boksi jeupe lililokatwa upande mmoja kwa mkasi. Pakiti ya ndani ilikuwa tupu. Kando yake alisimama Daktari Jérémie, mpasuaji wa mifupa aliyeletwa kutoka Bukavu kwa ajili ya wagonjwa wachache. Alikuwa ameshavaa nguo za kijani za upasuaji, na uso ameukunja kama mtu anayeumwa jino.

"Nieleze kilichoibwa," Adolphine alisema. "Kwa maneno ya watu."

"Kipande cha kuunganisha uti wa mgongo. Mgonjwa anaitwa Iriza, binti kutoka Minembwe, kule milimani. Pingili yake moja imeliwa na kifua kikuu."

"Kifua kikuu kinakula mgongo?"

"Kinakula mfupa wowote kikipenda. Naondoa iliyooza, naweka kipande hicho mahali pake, pingili ya juu na ya chini zinashikana nacho."

"Ni chuma?"

"Juu na chini ni chuma, chenye vitundu vidogo sana, kama lile jiwe la kusugulia visigino. Mfupa unaota, unaingia kwenye vitundu, unashika. Katikati ni plastiki ngumu. Chuma kitupu ni kigumu kuliko mfupa, kingeuchimba. Halafu plastiki haionekani kwenye picha ya eksirei, kwa hiyo baadaye naona kama mfupa umeota."

"Na chuma kinaonekana?"

"Mistari miwili myembamba, myeupe. Katikati hamna kitu."

"Unacho kingine?"

"Vipo vifupi. Cha kimo chake ni kile kimoja." Daktari alivua kofia yake ya kitambaa. "Kesho asubuhi ndege inanichukua, na ndege si yangu. Jana Iriza alichezesha vidole vya miguu yote miwili. Leo mguu wa kushoto umenyamaza. Nisipompasua leo, Inspekta, hatatembea tena. Sisemi labda."

Adolphine alitazama ndani ya kabati. Skrubu za titani zilikuwepo zote, zinang'aa ndani ya sanduku lao. Fito za chuma zilikuwepo. Kwa mtu wa kuuza vyuma, hapo ndipo penye mali. Aliyeingia aliziacha, akachukua kipande kimoja tu, kile kile cha Iriza.

"Ufunguo anao nani?"

"Roger, nesi wa chumba cha upasuaji. Mmeshamfunga."

Kumfunga ni namna ya kusema. Asubuhi ile habari ilipotoka, Shema, kaka yake Iriza, alimkamata Roger uani kwa kola ya shati. Watu wakaongezeka, ngumi zikaanza. Brigedia Jacques, askari wa kituo, alimchomoa pale akamkimbiza kituoni, akamtia mahabusu ili abaki mzima. Lakini nenda ukawaeleze watu hilo. Wenzake Shema waliotoka naye milimani walishakusanyika upande mmoja wa barabara. Upande wa pili wakaja ndugu zake Roger, vijana wa hapo hapo ziwani, wakisema mtu wao anasingiziwa kwa sababu ya kabila lake. Katikati palikuwa na barabara ya vumbi na askari wanne.

Adolphine alipita kati yao bila kuwasalimu. Yeye mwenyewe ni Mubembe, kabila moja na akina Roger, na alijua kabisa kila upande unamhesabia nini.

Roger alikuwa amekaa sakafuni mwa mahabusu, mdomo umevimba.

"Nani ana ufunguo wa kabati?"

"Mi."

"Nani mwingine?"

"Mi tu, mama Inspekta."

"Basi ni wewe."

"Haiko mi. Ningependa kuiba, ningekamata skrubu. Ile kipande nitaiuzia nani? Nani hapa Baraka anajua ni kitu gani?"

"Jana ulilifunga kabati saa ngapi?"

Roger aliangalia vidole vyake.

"Nimekuuliza."

"Sikulifunga mara moja. Dokta alichukua boksi, akaenda kuonyesha familia ya Iriza, akanirudishia. Nikaiweka. Pale pale bamama bakaleta manguo."

Hapo hapahitaji maelezo kwa mtu wa Baraka. Hospitali ile haina dobi. Kila mgonjwa ana ndugu yake wa kumlinda, anayempikia na kumwogesha, na hao walinzi ndio wanaofua pia nguo za upasuaji bombani, wanazianika, wanazikunja, wanazipeleka kwa Roger. Hakuna anayewauliza kitu. Mwanamke mwenye rundo la shuka za kijani anaingia mahali ambapo hata mkurugenzi anabisha hodi.

"Uliwaacha peke yao?"

"Niliingia nyuma kuwasha mutambo ya kuchemsha vyombo. Nikabaacha bapange manguo. Nikarudi, nikafunga kabati. Sikuangalia ndani. Makosa yangu ni ile tu."

"Mama yake Iriza alikuwepo?"

"Alikuwepo. Juu ya nini unauliza ile?"

Adolphine alishaanza kutoka. Kwa kweli hata yeye hakupenda alikokuwa anaelekea. Mama gani anamwibia mtoto wake miguu?

Kwenye geti la kituo Shema alimzuia njia. Alikuwa kijana mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mukubwa, ule nesi amesema?"

"Amesema. Jana daktari alikionyesha kile kipande kwa nani?"

"Kwetu. Mi na mama. Tukatia sahihi."

"Peke yenu?"

"Peke yetu. Mukubwa, nisikilize. Dada yangu akilala milele, Roger naye hatarudi kwao."

"Rudia hilo neno mbele yangu mara nyingine, nikutie naye chumba kimoja," Adolphine alisema. "Na waambie wenzako waweke mawe chini."

Wodini, Iriza alikuwa amelala chali, kitenge cha rangi ya kahawia kimemzunguka kiunoni. Umurerwa, mama yake, alikuwa ameketi karibu na kichwa chake. Sahani ya ugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, ilikuwa chini ya kitanda, nzi wanaizunguka.

"Mama, hujala?"

"Niko ku kufunga," Umurerwa alisema. "Na kikundi cha maombi."

"Tangu lini?"

"Tangu jana." Hakuinua macho.

Iriza ndiye aliyezungumza zaidi. "Mama Inspekta, kule kwetu gari haifiki. Ng'ombe wanapita, pikipiki inapita kiangazi, mvua ikinyesha ni miguu. Kama sitatembea, nitabaki huku mpaka nife. Lakini Roger hakuiba. Ananifunikaka usiku bila kuitwa. Banamupiga bure."

Umurerwa alisimama ghafla, akachukua kopo la maji lililokuwa bado limejaa, akatoka nalo kwenda kuchota mengine. Adolphine alimfuata kwa macho hadi mlangoni.

Daktari Jérémie hakuwa amekaa bure. Aliagiza picha mpya ipigwe, apime kama kipande kifupi kinaweza kusaidia. Kwa kuwa Iriza alikuwa analia kila akigeuzwa, mpiga picha hakumvua kitenge. Alimpiga hivyo hivyo. Picha ilipotoka, daktari aliiinua dirishani, na Adolphine akamwona anaisogeza karibu na macho, anaishusha, anaiinua tena.

"Nani amempasua huyu?" daktari aliuliza.

"Unasema nini?"

"Kimo ndani. Angalia." Kando ya uti wa mgongo, karibu kabisa na pingili iliyoliwa, palikuwa na mistari miwili myembamba, myeupe, inayolingana. Katikati yake hapakuwa na kitu. "Hakuna aliyemgusa kwa kisu. Haiwezekani."

Adolphine alikuwa ameshageuka.

"Hakimo ndani," alisema. "Kiko kwenye kitenge."

Walimkuta Umurerwa amepiga magoti kando ya kitanda. Adolphine hakumpazia sauti. Alimwomba Iriza ruhusa, akapitisha mkono chini ya mgongo wake, akakuta fundo gumu ndani ya pindo la kitenge. Alilifungua. Kilikaa katikati ya kiganja chake, kitu kidogo kweli, kingo mbili za kijivu na katikati rangi ya pembe ya ng'ombe. Kilikuwa kinateleza.

"Ni kitambaa cha maombi," Iriza alisema. "Mama alinifunga jana. Alisema nisifungue." Halafu akakiona. "Mama."

"Zungumza," Adolphine alimwambia Umurerwa.

"Ni mi."

"Hilo naliona. Juu ya nini?"

Umurerwa alikaa chini sakafuni kabisa. Alizungumza taratibu, akichagua maneno, kwa maana Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwake.

"Mutoto wangu wa kwanza alivunjika muguu. Bakamwekea chuma, mbali, ku hospitali kubwa. Hatukujua ile chuma imetoka wapi, nani aliigusa. Muguu ukaoza. Tulimuzika na chuma yake ndani. Mi nikaapa, kitu hakitaingia tena mu mwili ya mutoto wangu bila kuombewa." Alimtazama daktari. "Jana nilikuuliza kama kimeombewa. Ulicheka."

Daktari Jérémie alitazama viatu vyake.

"Nikasema basi, nitaomba mi mwenyewe. Nikaingia na manguo. Nikakata boksi kwa mukasi, nikakitoa, nikakipeleka ku kikundi, nikabaambia dokta amenipa. Bakakipaka mafuta, bakaomba. Bakasema kilale karibu na mwili yake mpaka asubuhi. Nilitaka kukirudisha asubuhi, nikileta manguo, kabla Roger aangalie ndani. Lakini alifungua kabati mapema. Nikasikia makelele."

"Ukasikia wanampiga," Adolphine alisema.

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nilisema, nikisema, dokta atakataa kupasua. Nilisema, bamupasue mutoto wangu kwanza, halafu nitasema."

"Wangempasua na nini, mama, wakati kipande umekifunga wewe kwenye kitenge?" Sasa sauti ya Adolphine ilipanda, na hakujali. "Nje pale kuna watu na mawe. Kama Roger angeuawa, ungemwombea na yeye?"

Umurerwa alianza kulia bila sauti. Iriza alikuwa ameelekeza uso ukutani.

Daktari alikuwa ameshakichukua kile kipande. Alikifuta kwa pamba, akakiinua kwenye mwanga, akakifuta tena. Pamba ilitoka na ung'avu wa mafuta kila mara.

"Si unakitia kwenye mtambo tu, kinachemka?" Adolphine aliuliza.

"Mtambo unaua vijidudu, hautoi mafuta. Vile vitundu ndivyo kazi yake yote. Mfupa ulitakiwa kuingia mle, sasa yameingia mafuta kabla yake. Naweza kuosha hadi kesho, sitakuwa na uhakika, na kitu nisichokuwa na uhakika nacho sikifungii ndani ya mgongo wa mtu." Alikiweka kwenye bakuli, polepole. "Nilicheka, ndiyo. Ningemwacha aombe boksi likiwa limefungwa, tungekuwa tumeshamaliza upasuaji."

"Kwa hiyo basi?"

"Kwa hiyo njia ya zamani. Nakata mfupa kwenye nyonga yake mwenyewe, naupanga pale, nafunga kwa skrubu na fito. Atalala miezi amefungwa plasta kifuani hadi kiunoni, na mfupa unaweza kukataa. Ni afadhali kuliko kuacha. Lakini ni kazi ya mikono minne." Alimtazama Adolphine. "Bila Roger sianzi."

Umurerwa aliinuka mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono.

Alitembea kati ya Adolphine na Jacques hadi barabarani, mbele ya kituo, mahali pande mbili zilipokuwa zimekaribiana kiasi cha kutukanana bila kupaza sauti. Alizungumza kwanza kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

"Ni mi nilikamata kile kipande. Mi mama yake. Roger hakuiba kitu."

Shema alitaka kucheka, akaona uso wa mama yake, akaacha. Jiwe lilikuwa bado mkononi mwake. Alilitazama kama kitu alichowekewa na mtu mwingine, akaenda kuliweka pembeni ya ukuta. Upande wa pili mtu mmoja alianza kutoa maneno, mzee aliyekuwa kando yake akamvuta shati akamkalisha.

Roger alitolewa mahabusu, shati limechanika begani. Umurerwa alipiga magoti mbele yake vumbini.

"Mama, simama," Roger alisema. Sauti yake haikuwa na huruma yoyote. "Iriza eko wapi?"

"Kwenye chumba cha upasuaji," Adolphine alijibu. "Daktari anasema bila wewe haanzi. Sikulazimishi. Ukikataa baada ya haya ya leo, nani atakulaumu?"

Roger aliugusa mdomo wake uliovimba, akaangalia damu kidoleni. Alimwangalia Shema, muda mrefu, mpaka Shema akainamisha kichwa.

"Nipeeni sabuni," alisema.

Adolphine alimfuata Umurerwa hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Hati ya kumfikisha mbele ya mwendesha mashtaka ilikuwa bado haijaandikwa. Ingeandikwa, kwa wizi na kwa ule unyamavu wake, lakini hakuwa na roho ya kumwondoa pale kabla mlango haujafungwa.

Roger alitokea, ameshanawa hadi viwiko, mikono ameinua mbele ya kifua, maji yanamchuruzika. Umurerwa alisogea hatua moja akasimama.

"Roger," alisema. "Naweza kuomba?"

Roger alimtazama. Ndani, Daktari Jérémie aliita jina lake.

"Omba, mama," Roger alisema, akausukuma mlango kwa mgongo. "Ila usiguse kitu."