Ndevu za Mzimamoto

Jumamosi ile duka la dawa la mtaa wa Whitehaven, mjini Memphis, lilikuwa limefurika watu, wachache wakitafuta dawa na wengi wakitafuta umbea. Cordell Baines alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kopo la mwisho la unga wa kunyolea, ule unaoyeyusha ndevu bila wembe, mara mkono mwingine, wenye kucha nyekundu, ukamtangulia.

"Pole, kaka. Hili la baba yangu."

Aligeuka. Mbele yake alisimama mwanamke wa gauni la njano lililomkaa sawasawa, hereni kubwa za duara, na viatu vya raba vya mtu asiye na muda wa kupoteza.

"Dada, mimi nimesimama hapa kabla yako."

"Kusimama si kuchukua." Akamtazama usoni, akatabasamu. "Halafu wewe wa nini? Ndevu zote hizo nzuri unataka kuziunguza na unga unaonuka mayai viza? Sikupi. Ni dhambi."

Cordell, ambaye tangu ujana ndevu zilikuwa adui yake, akajikuta anazishika kwa fahari. Walipofika kwa mpokea pesa alikuwa ameshajua kwamba mrembo huyo anaitwa Renita, anaendesha basi la shule, na hapendi wanaume waoga wa simu. Jioni akampigia.

Ukweli ni kwamba ndevu zile alikuwa nazo kwa ruhusa ya daktari. Cordell alikuwa mzimamoto, na mzimamoto huingia moshini na barakoa ya hewa inayoshika kwenye ngozi tupu. Penye ndevu moshi hupenya. Lakini kama wanaume wengi weusi wa kwao, ndevu zake zilikuwa za kujikunja. Akinyoa leo, kesho kutwa zinarudi kwa kujipinda na kuzama ngozini, shingo inaumuka vipele, kola inalowa damu. Daktari akaandika apumzishe wembe. Mkuu wa kituo akasoma, akamweka ofisini kupokea simu. Kengele ikilia, wenzake wanarukia garini, yeye anabaki na kikombe cha kahawa. Hilo lilimuuma kuliko vipele.

Mapenzi yao yalikolea upesi. Kila Jumapili baada ya kanisa, kambare wa kukaanga wakishaliwa, Cordell alilaza kichwa mapajani kwa Renita barazani, naye akashika kibano na kuanza kung'oa vinyweleo vilivyozama shingoni. Hivyo ndivyo mama yake alivyomtunza baba yake, na bibi yake alivyomtunza babu.

"Unaniumiza!"

"Mzimamoto mzima unalilia kinyweleo? Tulia, mtoto wa watu." Akapapuliza mahali palipouma. "Ila hizi za mashavuni usiziguse, mpenzi. Siku ukizinyoa, tusijuane."

Alisema huku akicheka. Cordell hakucheka. Maneno yale yaliingia yakakaa.

Ndipo akasikia habari za Bi Earlene, mama mnene mcheshi aliyekuwa na kliniki ya leza, mashine ya mwanga ya kuondoa nywele. Zamani mashine hizo ziliunguza ngozi nyeusi na watu wakazikimbia. Hii yake, Bi Earlene alimweleza, mwanga wake unapita ngozini bila kuidhuru, unafuata unywele mpaka chini na kuukausha mzizi.

"Tutaanza na shingo, halafu mashavu. Zikishakwenda, nyingi hazirudi. Umeelewa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na sharti ni moja. Wembe ruksa, kibano marufuku. Ukiung'oa unywele na mzizi wake, mwanga wangu utafuata nini?"

Siku hiyo hiyo shingo ikapigwa mwanga wa kwanza na kupakwa mshubiri, na Cordell akatoka pale ana furaha na hofu. Gari la zimamoto atalipanda tena, lakini je, Renita atabaki? Akaona bora anyamaze kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua; mficha leza, Jumapili.

Renita alipiga mapaja yake. "Njoo."

"Leo sijisikii."

Jumapili iliyofuata kichwa kilimuuma. Iliyofuata hiyo, Renita aliweka kibano chini polepole.

"Cordell, nani anakutunza shingo?"

"Hakuna mtu."

"Inang'aa. Inanukia mshubiri. Wewe ambaye hata sabuni ya kunukia hujawahi kununua."

"Renita, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi huku unanifanya mjinga. Kama yupo, sema nijue."

Hofu ya kuachwa ikamshinda akili. Badala ya kusema, akalaza kichwa. Uso wa Renita ukachanua. Akang'oa huku akiimba wimbo wa kwaya, na hakusaza hata kimoja.

Bi Earlene alipoiona shingo ile alivua miwani.

"Nani kakuvuna hivi?"

"Mpenzi wangu."

"Ana bidii, Mungu ambariki. Sasa nenda nyumbani, urudi zikishaota upya."

Jaribio la kuvaa barakoa aliloahidiwa kituoni, ili arudi garini, likaahirishwa. Cordell akampigia Renita kutoka nje ya kliniki.

"Umenirudisha nyuma!"

"Mimi? Kwa lipi?"

"Kwa kibano chako!" Akayamwaga yote, leza, sharti, barakoa, kazi.

Renita akasema, "Kwa hiyo si mwanamke."

"Si mwanamke. Ni mashine."

"Afadhali angekuwa mwanamke, ningejua pa kumpiga."

"Unaona? Wewe unapenda ndevu kuliko unavyonipenda mimi!"

"Mjinga wewe!" Sauti yake ilikatika. "Ndevu ni nywele tu, Cordell. Ukiwa nazo unakaa ofisini, na jioni najua uko wapi. Ukizitoa unaingia motoni. Siku usipotoka, nani atanipigia simu?"

Akakata.

Cordell alisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi na mtu anayempenda. Kumbe muda wote ule aliogopa kuachwa, na mwenzake aliogopa kumzika. Alipiga tena simu na tena, haikupokelewa. Wiki zikapita, vinyweleo vikaota, shingo ikamalizwa, naye hakupata raha hata ya kula.

Ikafika siku ya mashavu. Cordell aliingia kliniki ameshanyoa tangu juzi kama alivyoagizwa, uso mtupu umejaa vipele, anaona aibu hata kumtazama mtu. Kwenye kiti cha kusubiria alikuwa amekaa Renita, amevaa gauni la bluu la kanisani, mkoba umekumbatiwa kifuani.

Alimkagua muda mrefu.

"Kumbe una kidevu kidogo hivyo!"

"Umejuaje niko hapa?"

"Bi Earlene anasali na shangazi yangu. Memphis hii unataka siri?" Kisha macho yakamlowa. "Juzi nilikuwa nashusha watoto, gari lenu likapita na king'ora. Watoto wakashangilia basi zima. Mimi akilini nikakuona wewe, na kikombe chako, unawasikiliza wenzako wakiondoka. Nikajisikia vibaya. Nimekufungia kabatini halafu nasema nakupenda."

"Ukitaka niache, naacha leo. Zitaota."

"Nyamaza, twende ndani."

Bi Earlene aliwavalisha wote miwani ya giza. Cordell akalala kitandani haoni kitu, mkono wake umo katika mkono wa Renita.

"Hapa ndipo pasipo na kurudi," Bi Earlene alisema. "Nianze?"

"Subiri, mama," Cordell akasema. "Renita, nataka unioe... yaani nikuoe. Hivi hivi nilivyo, bila ndevu, na kazi yangu."

Bi Earlene alikohoa, akageuka kuangalia ukuta.

"Nitaogopa kila king'ora kikilia," Renita alisema.

"Najua."

"Sitazoea."

"Najua. Ukizoea nitaogopa mimi."

Renita alimpitishia kiganja usoni, juu ya vipele vyote, taratibu, kama anayejifunza njia mpya ya basi. Kisha akaubana mkono wake kwa nguvu.

"Choma, Bi Earlene," alisema. "Choma kabla sijaghairi. Na wewe, Cordell, jibu ni ndiyo."