Hodi ya Nne Cwm Gwennol

Kengele ya mlango ililia. Ziyad alichukua Glock 19 kabla ya kuchukua shati.

Hakuwa akimngoja mtu. Fleti yake ya Walthamstow, juu ya duka la mapazia, haikujulikana na mtu yeyote nje ya idara ya ujasusi, ila mmoja. Alichungulia kwenye tundu la mlango.

Kijana mwembamba. Miwani. Koti limerowa mvua.

Hawakuwahi kukutana, lakini Ziyad aliujua uso ule. Aliuona kwenye picha ya uchumba wa Jokha. Siku ile aliizima simu, akaiwasha, akaitazama tena.

Alifungua.

"Assalaamu alaykum. Mie Asad."

"Najua. Nani kakupa anwani hii?"

"Jokha. Alisema siku likinifika jambo kubwa nije kwako." Kijana alifuta miwani. "Hapatikani tangu Jumatatu."

Jokha alimwacha Ziyad kwa sababu ya kazi isiyo na jina wala saa ya kurudi. Kumbe bado alimwamini. Na siri ya anwani hii alikwenda kumwambia huyu, mfamasia wa Ilford!

"Ingia. Vua viatu."

Asad alieleza harakaharaka. Jokha alipata kazi ya kurekodi miongozo ya sauti. Mgeni anavaa hedifoni, anatembea kijijini, na sauti inamwambia geuka hapa, tazama kanisa lile. Kijiji chenyewe ni Cwm Gwennol, bondeni huko Wales. Kampuni ilimpeleka kuko huko arekodi kwa Kiswahili. Jana mwongozo umetoka. Yeye hajarudi.

"Hebu sikiliza."

Ziyad alivaa hedifoni za Sony.

*Karibu Cwm Gwennol. Shika njia ya mto, usiogope kondoo, wao ndio wenye kijiji...*

Akacheka kidogo, Jokha. Ziyad alifumba macho. Je, huyu mwenye miwani naye huchekewa hivyo? Kila asubuhi?

"Sauti nzuri," alisema kwa ukavu. "Sijasikia kosa."

"Kila mlango anapiga hodi. Duka la mikate, nyumba ya mchungaji. Hodi tatu, kimya, anaendelea na safari. Sasa rudia pale mgodini, kwenye jengo ambalo wachimbaji walikuwa wakichukulia taa zao."

Ziyad alirudisha nyuma.

*Hodi. Hodi. Hodi. Hodi.*

Alivua hedifoni taratibu.

Kwao hodi ni tatu. Usipoitikiwa unageuka, unakwenda zako, hata kama viatu unaviona mlangoni. Jokha aliwahi kuondoka mlangoni pa bibi yake mwenyewe, pilau inanukia ndani, kwa sababu bibi alikuwa kwenye sala na hodi tatu zimekwisha.

"Jokha hapigi ya nne," alisema Asad. "Ya nne ni kumwomba mtu asiondoke."

Ziyad alitazama pembeni. Yeye alikuwa akisikiliza sauti. Huyu alimsikiliza Jokha.

Alimchukia zaidi.

"Nitamleta."

"Najua utamleta. Ila niahidi kitu." Asad alifungua kiganja. Pete. "Alinirudishia Jumapili. Alisema simsikilizi. Ukimpata, mwambie mie ndiye niliyeisikia. Hilo tu."

Basi hana mchumba! Moyo wa Ziyad uliruka, na aliona haya kwa kuruka kwake.

"Nakuahidi."

*

Pikipiki ya Triumph ilinguruma kwenye barabara ya M4, London ikibaki nyuma. Redio ilikuwa sikioni, ndani ya helmeti.

"Ushma," alimwita mwenzake wa idarani.

"Sema, Ziyad bhai," akajibu; kwa Ushma kila mwenzake ni bhai, kaka.

"Zile chipu za makombora zilizoibwa. Ulisema zitauzwa bondeni, Wales."

"Wales yote ni mabonde, bhai. Nimechoka kuyatazama."

"Cwm Gwennol. Tazama miongozo ya sauti."

Vidole viligonga kibodi.

"Kampuni ni ya Corran Lunt," alisema Ushma. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Dalali wa silaha. Miongozo ya lugha nyingine inaishia kanisani. Ya Kiswahili peke yake inakwenda mgodini. Na imepakuliwa na watu wawili tu."

"Mmoja ni Asad."

"Mwingine yuko kwenye treni sasa hivi, anaelekea huko. Mnunuzi; mwongozo ndio unaomwonyesha mali iliko. Nani mwingine angechagua Kiswahili katika bonde lile?"

"Peleka polisi kanisani, wakae ndani kimya. Mimi nakwenda mgodini."

"Na huyo dada?"

"Ameshajua mengi mno. Biashara ikimalizika, hawatamwacha atoke."

Aliongeza mafuta.

*

Cwm Gwennol. Mto mweusi. Nyumba za mawe zimeshikana bega kwa bega. Watalii wachache, kila mmoja na hedifoni zake.

Ziyad alifuata sauti ya Jokha, akiisukuma pikipiki. *Pinda kushoto. Pole kwa mlima, unakaribia.* Walikuwa wakitembea hivi zamani, yeye kimya, Jokha akisema. Kwa muda mfupi alisahau kwamba kuna pete.

Pale mgodini mlinzi alitokea nyuma ya Land Rover. Alifyatua kwanza. Risasi ilipasua tangi la Triumph.

Ziyad alifyatua mara moja. Mlinzi alianguka akishika goti.

Mlango wa chuma wa jengo la taa. Jokha yuko upande gani? Risasi ya kubahatisha ingeweza kumpata yeye.

Aligonga.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi! Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

"Karibu!" Sauti ya Jokha. Kushoto, chini.

Teke. Mlango ulifunguka. Ziyad alifyatua kulia, juu. Beretta ilimtoka Lunt mkononi, naye akaporomoka, damu begani.

Jokha alikuwa amefungwa kwenye kiti, kando ya sanduku la chipu.

"Umechelewa, bwana wee," alisema. Kisha akacheka.

Ziyad alikata kamba bila kumtazama usoni. Alimpa redio.

"Mnunuzi yuko njiani, anakusikiliza. Mpe njia nyingine. Ushma atamwingizia masikioni."

Jokha alipangusa machozi, akakohoa. Akawa mwongozaji tena.

"Mpendwa mgeni, mgodi umefungwa kwa matengenezo, utuwie radhi. Rudi kanisani. Nyuma kuna mlango wa buluu. Ingia bila hodi."

Kwa darubini ya Leica waliona mwanamume mwenye kofia akisimama, akitikisa kichwa kwa adabu, akigeuka. Alifika kwenye mlango wa buluu. Alivua kofia.

Akaingia.

"Tumempata," alisema Ushma.

*

Walirudi London kwa treni. Jokha alikuwa amejifunika koti la Ziyad.

"Yule mtu wa Lunt aliyekagua rekodi yangu ana cheti cha Kiswahili," alisema. "Alisema hodi zinapendeza, niongeze." Alicheka. Aliweka mkono kwenye mkono wa Ziyad. Kidole hakina pete. "Nilijua utakuja weye. Nani mwingine angeisikia ile ya nne?"

Mji wa Reading ulipita dirishani.

Ziyad hakuhitaji hata kusema uongo. Angekaa kimya tu, na kukaa kimya ndiyo kazi aliyofunzwa.

Aliutazama mkono ule kwa muda mrefu.

"Siye mie," alisema. "Mie nilisikiliza nisisikie kitu. Asad ndiye aliyeisikia. Alikuja kwangu na mvua yote ile."

"Asad?"

"Alisema Jokha hapigi ya nne."

Mkono uliondoka. Uliondoka polepole, ukaenda mdomoni kwake, na Jokha akageukia dirisha.

Paddington. Asad alisimama nyuma ya vizuizi vya tiketi, koti lilelile, ngumi imefumbwa. Jokha alianza kwa kutembea. Halafu alikimbia.

Redio ilikwaruza sikioni.

"Bhai, mkuu anakuuliza. Kuna kazi Woolwich."

"Nakuja."

"Koti lako liko wapi? Kamera za stesheni zinakuonyesha na shati tu."

Ziyad alitazama nyuma mara moja. Koti lake lilikuwa mabegani mwa Jokha, na mikono ya Asad ilikuwa juu ya koti.

"Nimeliacha," alisema, akashuka chini ya ardhi, kwenye treni za Elizabeth.