Égal Moja, Égal Mbili

— Mama, niko mu kalasi. Nitakuita kiisha.

— Usikate! Bajomba ya Amadi beko hapa nyumbani, ku salon. Banaleta posa!

Chadia alitoka darasani hadi uani, akavuta sweta mabegani. Julai ya Lubumbashi haina mzaha na baridi.

— Posa ya nani?

— Yako! Amadi alibaambia ulisha kukubali. Baba yako atabajibu leo, kiisha magharibi. Na miye mama yako sijui hata kintu!

Hakuwa amekubali. Hakuwa ameulizwa. Kwa likizo kubwa mbili sasa, yeye na Amadi walikuwa wakifundisha pamoja wanafunzi wa sekondari hapo Kamalondo, yeye hesabu, Amadi kompyuta. Alimpenda, hilo halikuhitaji uthibitisho. Lakini kupenda ni jambo moja, na mtu kukujibia swali usiloulizwa ni jingine.

Aliporudi, mwanafunzi mmoja aliyeitwa Mujinga alikuwa akigombana na kompyuta.

— Monsieur, hii programme yangu inapenda bantu yote! Inauliza saba mara nane, naandika ine, inasema "Juste!", eti ni sawa. Naandika mia, "Juste!"

— Uiache vile, itatusaidia ku examen! mwenzake alidakia, darasa likacheka.

Amadi aliinama, akasoma.

— Uliweka égal moja, alama moja tu ya =. Mu luga ya C, égal moja haiulize. Inafuta jibu ya muntu, inaweka yako pale. Ukitaka kuuliza, weka mbili. Njo machine itajibu: 1 ni ndiyo, 0 ni hapana.

— Rudilia, Monsieur Amadi, Chadia alisema kutoka mlangoni.

— Égal moja haiulize...

— Inafuta jibu ya muntu. Asante. Kuya inje kidogo.

— Ooooh! darasa lilipiga kelele.

Uani, Chadia hakupandisha sauti.

— Bajomba yako beko kwetu.

Amadi alitabasamu.

— Nilitaka kukufanyia surprise.

— Uliniuliza siku gani?

— Chadia! Nikisema mutoto wetu atajua C mbele ya kusema mama, si unacheka?

— Kucheka njo jibu?

— Nilijua utakubali.

— Hata Mujinga anajua saba mara nane. Programme yake iko mubaya vilevile, juu haiulize.

Tabasamu lilimtoka Amadi.

— Nibaambie barudi?

— Weye njo prof wa informatique. Korije kosa yako.

Akarudi darasani, akafundisha milinganyo mpaka mwisho wa kipindi.

Baada ya magharibi, baba yake alimwita sebuleni. Wajomba watatu walikuwa wameketi, soda mbele yao hazijafunguliwa.

— Chadia, bageni banangoja.

— Banipe dakika moja, baba.

Mama alimkata jicho. Mjomba mkubwa alikohoa. Chadia alikuwa tayari kusema hapana; alikuwa ameshalipanga neno lenyewe. Ndipo simu ikatetemeka mkononi.

"Niko inje, ku mulango. Nilikosa. Chadia == bibi yangu ? Hata ikiwa 0, nitabarudisha bajomba na heshima yote."

Alizihesabu zile alama. Zilikuwa mbili. Aliandika tarakimu moja, akatuma.

Nje mtu alipiga kelele, kisha akacheka peke yake.

— Nani anacheka vile ku mulango? baba aliuliza.

— Amadi. Aliniuliza, baba. Sasa unaweza kubajibu: nimekubali.

— Alikuuliza saa ngapi?

— Sasa hivi, alisema Chadia, akaanza kuwafungulia wageni soda.