Kioo Kilichoona Ubavuni

Habari hii nilipewa na Najat mwenyewe, mtoto wa marehemu dada yangu, mwezi wa Shaabani uliopita, alipokuja kunijulia hali akanikuta nachambua mchele. Yeye ni inspekta wa polisi Pangani. Nami naitoa kama alivyoitoa.

Maiti ililetwa na maji asubuhi, pwani ya Ushongo. Alikuwa Daniel, kijana aliyekuwa akipiga picha za papa chini ya bahari, ambaye jana yake alitoka na boti asirudi. Mguu mmoja umeliwa mpaka gotini. Kamera yake, ndani ya kasha lisiloingia maji, ilikuwa bado imefungwa kwa kamba kwenye mkono wake.

Najat alipofika, watu hawakuwa kwenye maiti. Walikuwa kwa Sabiri.

Sabiri ndiye nahodha wa ile boti. Kalazwa mchangani, mkono umevunjika, uso umevimba mpaka macho hayaonekani. Tairi limeshamwingia shingoni. Jamaa mmoja anatikisa chupa ya petroli.

Najat akachomoa bastola, akapiga hewani.

"Atakayewasha, risasi ya pili ni yake!"

Wakarudi nyuma, si kwa hiari. Aliyekuwa akilia kuliko wote alikuwa Lucas, mpiga mbizi, mwenziwe Daniel wa kazi.

"Afande, jana mimi nilitangulia kupanda botini, nikawa natapika. Huyu akachukua mkuki, akaruka majini. Akarudi peke yake!"

"Kwa nini amuue?"

"Daniel ndiye aliyewazuia kina Sabiri wasivue papa. Waligombana hadharani. Waulize hawa."

"Kweli!" watu wakaitikia. "Tulisikia wote!"

Najat akainamia maiti. Mguu ulikuwa umechanika kama kitambaa. Lakini chini ya kwapa palikuwa na tundu, kingo zake safi.

"Papa hachomi," alisema Koplo Nehemia, aliyekuja naye.

"Hachomi. Hiki ni chuma."

Wakamvusha Sabiri mto kwa pantoni, hospitali kwanza, kisha kituoni. Nyuma yao akaja mama yake, Bi Mwamvua, akakaa kwenye ngazi ya kituo.

"Shikamoo, mama," alisema Najat.

"Marahaba. Mwanangu umempa maji?"

"Nimempa. Nenda ukapumzike."

"Nikapumzike wapi, kwenye tairi lao? Silali mie mpaka atoke. Nikifa hapa, mtanizika hapa."

Najat akampita, akaingia. Alijua kwamba kesi ya kuua ina kitanzi mwisho wake, na kwamba akimwachia bila ushahidi, ile chupa ya petroli bado ina mwenyewe.

Ndani, akamkalisha Sabiri kitini.

"Mligombana na Daniel?"

"Tuligombana, tukapatana. Ningempakia botini mtu nisiyepatana naye?"

"Nani alishuka majini?"

"Wote wawili, Daniel na Lucas. Mie nakumba maji yaliyoingia botini. Lucas akapanda peke yake, anatetemeka, ananiambia papa kamchukua Daniel. Leo maiti imetokeza na tundu ndipo nasikia muuaji ni mie."

"Kabla ya kushuka palikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi wa vioo tu."

"Vioo gani?"

Sabiri akacheka, mdomo ukatoka damu. "Vya kamera, afande. Daniel kavitandaza juu ya kanga. Kimoja kirefu, cha kuvuta vya mbali. Kimoja kipana, kimetuna kama jicho la samaki chewa. Lucas akamganda: chukua cha kuvuta, kaa mbali, papa atakula! Daniel akakataa. Akasema maji yetu yana vumbi, ukipiga kwa mbali unapata uji mtupu. Bora kipana, umsogelee papa mpaka umhesabu meno. Lucas akanuna, akaenda kujaza mitungi ya hewa. Daniel ananiambia, 'Sabiri, hiki kinaona hata wa ubavuni. Unajibanza pembeni ukidhani hakikuoni, kumbe kinakuona.'"

Najat akajiuliza: Mtu mzima anunie kioo kisicho chake?

Wakaifungua kamera, picha zikawekwa kwenye kompyuta. Nehemia akashika kichwa. Chini ya bahari papa wametapakaa, mapezi yamekatwa, wengine wangali hai wanabingirika mchangani kama magogo. Katikati yao mishipi na ndoana. Picha moja imevibeba vyote.

Ya mwisho ilikuwa imepinda. Maji matupu na wingu la damu.

"Hapa hamna kitu," alisema Nehemia.

"Katikati ndiko anakotazama kila mtu. Nikuzie pembeni."

Pembeni palikuwa na mpini wa mkuki. Chini yake, mguu ndani ya kiatu cha kupigia mbizi, kile kipana kama unyayo wa bata. Kilikuwa kimepasuka, kikashonwa kwa uzi wa nyavu wa kijani.

Asubuhi iliyofuata Lucas akaletwa. Viatu vyake vya kupigia mbizi viko mezani, mshono wa kijani juu. Najat akamgeuzia picha.

Lucas akaitazama. "Haiwezekani. Kamera ilikuwa inatazama mbele. Mimi nilikuwa ubavuni..."

Akatambua alichokisema. Akaipindua meza, akamkaba Nehemia koo mpaka macho yakamtoka. Najat akamshindilia kitako cha bastola mdomoni. Jino likaruka. Wakamtia pingu palepale sakafuni, anatema damu.

"Mishipi ya nani?"

"Yangu. Nakata mapezi, mwili nautupa. Mapezi yanavuka mpaka Horohoro, yanauzwa. Daniel akayapiga picha yote. Nikajaribu kumnyang'anya kamera, akanisukuma. Nikamchoma."

"Kamera mbona ukaiacha?"

"Damu iliita papa wazima. Nikakimbia." Akafuta mdomo begani. "Nilimwambia achukue cha kuvuta! Angepata pua ya papa mmoja, akaenda zake. Leo angekuwa anakula wali."

"Na Sabiri alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Watu walisikia ule ugomvi, walikuwa tayari kumchukia. Wangemmaliza wao, mimi nisingemgusa."

Najat akatoka na funguo.

Bi Mwamvua alikuwa palepale ngazini, macho mekundu kama kaa la moto. Akampapasa mwanawe uso, akapapasa bandeji ngumu ya mkono. Wakashuka hadi kivukoni, wakakaa kwenye benchi, mama akajizungushia ncha ya shati la Sabiri mkononi kama mtu anayefunga mbuzi.

Pantoni ikaja. Akashuka yule jamaa wa petroli. Akasimama mbele yao, kofia mkononi, midomo inamcheza.

"Shikamoo, ma..."

Sabiri akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu. Mama kalala."