Ngome ya Kushoto

Jamaa zangu, sogeeni niwasimulie habari ya nyumba ambayo haikuwa na mlevi, mwizi wala mgomvi, na bado ilipata hasara isiyorudishika.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na sebule, ikikaliwa na watu wawili tu. Baba alikuwa fundi wa mizani. Miaka mingi alirekebisha mizani za wenye maduka, zile za sahani mbili, na watu walisema akiinamia mizani anaona hata unyoya ulipolalia. Walimwita Fundi Mizani, na jina likamganda hata baada ya kufunga karakana. Binti yake, mshonaji katika kiwanda cha sare, alibaki naye mama alipofariki.

Tangu mama azikwe, wawili hao hawakujua waanzie wapi kuzungumza. Mama ndiye aliyekuwa na maneno ya nyumba ile. Chakula kililiwa, vyombo vikaoshwa, kila mtu akaingia chumbani kwake na upweke wake.

Kilichowaokoa ni mchezo. Binti alileta kompyuta kuukuu iliyotolewa ofisini kwao, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa vita uitwao Ngome Tatu. Si wa kufyatua risasi ovyo, ni wa akili. Kila mmoja ana ngome tatu: ya kushoto, ya kati na ya kulia. Unajenga ghala, unapanga wapanda farasi, unamkatia mwenzako njia ya chakula. Tena hauna haraka. Ukimaliza zamu yako, mchezo unatulia hata wiki nzima, mpaka mwenzako acheze yake.

Wakajitungia desturi. Mzee alicheza mchana, binti akiwa kazini, kisha akainamisha kikombe, mdomo chini, juu ya kompyuta. Kikombe kikiinama, zamu ya binti. Kikisimama, zamu ya baba.

"Jenerali, umeona nilivyokufungia daraja?" mzee aliuliza binti akivua viatu mlangoni.

"Nimeona, Baba. Kesho utalia."

"Nilie mimi? Mimi nimewazaa hao wanaoliza watu!"

Wakacheka. Na kutoka kwenye daraja mazungumzo yakaenda kwenye cherehani iliyoharibika kiwandani, kwenye goti la mzee, kwenye mama. Miaka sita wakaishi hivyo, na Mungu akawa amewapa faraja.

Mwaka wa saba binti akaanza kushinda. Alishinda leo, akashinda kesho, kisha ikawa kila mara, na kila mara alipenya kwa ngome ya kushoto. Mzee aliiacha wazi kama nyumba isiyo na mlango.

"Baba, unaniachia bwana! Mimi si mtoto."

"Nikuachie kwa lipi? Umekomaa, Jenerali."

Hapa nisimame kidogo, msomaji, nikwambie jambo ambalo wao hawakulijua. Mzee hakuwa akimwachia mtu kitu. Jicho lake la kushoto lilikuwa linakufa, polepole, bila maumivu wala wekundu, na la kulia lilianza kuliwa pembeni. Ubavu wa kushoto wa ramani ya mchezo ulikuwa haumfikii. Nayo akili ya mwanadamu hujaza pengo na kukwambia hakuna kilichopungua. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na ushahidi, yule aliyeingilia upande huo kila jioni. Naye akaudhania kuwa ni mapenzi ya baba.

Kushinda kila siku kunachosha. Binti akaanza kucheza huku anapiga miayo. Ndipo wenzake kiwandani wakaleta habari kwamba Ngome Tatu imetoka ya pili, na nusu ya chumba cha ushonaji wameshainunua. Binti alikuwa na adabu, hakutaka kununua kimya kimya.

"Baba, mchezo wetu umetoka wa pili."

"Ehe! Una nini ambacho huu hauna?"

"Una bahari na meli. Unacheza na watu wengi kwa mtandao, mnasemezana humo humo. Ila..."

"Ila nini?"

"Una saa. Ukichelewa, inakupita. Na hamchezi wawili kwa kupokezana kama sisi."

Mzee alifuta kompyuta kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Sasa ninunue au niache?" binti akauliza. "Sema wewe. Ukisema niache, naacha."

Moyoni mzee alisema, Acha, mwanangu. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini aliikumbuka ile miayo. Mtu aliyeshindwa mfululizo namna ile, amng'ang'anie mchezaji mzuri kwa haki gani? Akaona anambana mtoto kama kiatu kidogo.

"Nunua," akasema. "Mimi huu wa zamani unanitosha."

"Kweli, Baba?"

"Mtu mzima akisema, ameshasema."

Wangapi wetu tumejibu hivyo, huku tunaomba tusisadikiwe?

Binti akanunua, pamoja na kompyuta mpya ya kuubeba mchezo huo. Akirudi kazini alivua viatu, akatia vidude vya kusikilizia masikioni, akakaa. "Shikilia bandari, nakuja!" alipiga kelele. "We Kobe, meli zako ziko wapi?" Alicheka na watu ambao hajawahi kuwaona uso. Baba akimwita kula, alijibu dakika moja, na dakika moja ilikuwa saa mbili. Sahani yake ilipoa, ikafunikwa, ikapoa tena.

Siku ya kwanza mzee alicheza zamu yake, akakiinamisha kikombe kwa mazoea. Kikombe kikakaa kimeinama siku kumi. Siku ya kumi na moja akakichukua, akakiosha, akanywea maji. Tangu hapo akacheza na mashine peke yake. Mashine ilimwingilia kushoto kila siku, lakini mashine haina mdomo wa kusema, "Mzee, vipi huko?"

Mambo mengine yakaanza. Mzee akimimina chai, inapita pembeni ya kikombe. Bega la kushoto likawa linagonga fremu ya mlango.

"Baba, angalia basi!" binti alisema bila kugeuka.

"Mlango huu umesogea," mzee akajibu kwa utani, akangoja kicheko. Hakikuja.

Jirani yao, mama mmoja mpiga pasi mwenye ulimi wa kukwaruza, alimzuia siku moja njiani. "Fundi, nakuamkia mara tatu unanipita kama nguzo! Au umeanza kiburi uzeeni?"

Mzee akageuza kichwa chote ndipo akamwona. "Nisamehe, mama. Nilikuwa mbali."

"Mbali wapi, na mimi nipo ubavuni pako?"

Jirani akaondoka akiguna. Mzee akarudi nyumbani na neno mdomoni, kwamba huenda macho yamechoka. Alisimama nyuma ya kiti cha binti.

"Jenerali."

Hakusikia.

"Mwanangu."

Binti aliinua kidole kimoja, maana yake ngoja. Mzee akangoja. Alisimama pale mpaka goti likamuuma, kisha akajiambia, Ni uzee tu, nimsumbue wa nini? Akaenda kulala, na jua lilikuwa halijazama.

Ilipita miezi minane. Asubuhi moja alitoka kununua mkate. Alitazama barabara kama kila mtu anavyotazama, akaona ni nyeupe, akavuka. Mkokoteni wa mapipa ya maji ulikuwa unakuja kushoto kwake, msukumaji wake akipiga kelele, "Mzee! Mzee! Pisha!" Sauti aliisikia, mkokoteni hakuuona. Ukamzoa.

Jirani mpiga pasi ndiye aliyemwinua, akamfunga mkono kwa mtandio wake, akampeleka hospitali na kutuma mtu kiwandani. Binti alifika na tepu ya kupimia ingali shingoni.

Mkono ulikuwa umevunjika, na huo ungepona. Lakini daktari aliposikia kwamba mgonjwa aliangalia na hakuona, alimziba jicho la kulia kwa kiganja.

"Mzee, vidole vingapi?"

"Toa kwanza vidole, ndiyo nihesabu," mzee akasema.

Vidole vilikuwa mbele ya pua yake.

Daktari akampima muda mrefu. "Ni presha ya macho," akamwambia binti. "La kushoto limeshakwenda, halirudi. La kulia tutalishikilia na dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Mngekuja mwaka jana, lote hili tungelizuia." Akafunga faili. "Anaishi peke yake?"

"Hapana," binti akasema. "Anaishi na mimi."

Daktari akampa tu cheti cha dawa. Afadhali angemtukana.

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini kungojea dawa. Binti alikuwa na uso wa mtu aliyekumbuka kitu. "Baba, ngome ya kushoto. Mwaka mzima nimepita pale."

"Ndiyo."

"Nilidhani unaniachia nishinde."

"Mimi nilidhani umejua kunishinda," mzee akasema. "Nilifurahi, mwanangu. Nikamwambia mama yako katika sala: mtoto amenipita akili. Na uliponiuliza ununue au uache, nikaona nimekuwa mchezaji mbovu, nakuchosha tu. Ndiyo nikasema nunua."

Binti akaweka mikono usoni, akalia kimya kimya. Mzee alinyoosha mkono mzima kumtafuta, akapapasa hewa.

"Jenerali, upo?"

"Nipo, Baba. Nipo hapa."

Alikuwa amekaa kushoto kwake. Akainuka, akazunguka benchi, akakaa kulia, pale anapoonekana.

FUNZO

Wapendwa, sikuandika haya kusema mchezo ni dhambi, wala kwamba binti alikosea kununua wa pili. Pesa ilikuwa yake, na furaha haikukatazwa. Kosa lilikuwa kupokea jibu la mdomo na kuacha kumtazama aliyelitoa. Mzee akisema "nunua", tazama mkono wake unafuta nini.

Tumezoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha, hakujua. Maradhi yake yalionekana kwa mwenzake, si kwake, na mwenzake alipogeuza uso, hapakubaki wa kuyaona. Kwa hiyo mtu wako akibadilika katika jambo dogo, akishindwa pale alipozoea kushinda, akimwaga asichozoea kumwaga, usicheke ukapita. Uliza. Asipojibu, uliza tena.

Nanyi wazee wenzangu, tuache kiburi cha kutosumbua watoto. Mtoto akiinua kidole kwamba ngoja, mshike bega. Mwenyezi Mungu hakutuweka nyumba moja ili tupishane mlangoni.