Ngwe ya Bi Mwanakheri

Kengele ya kijiji ililia saa kumi na mbili asubuhi. Bi Mwanakheri alijifunga kibwebwe, akachukua jembe, akashika njia ya shamba la pamba la kijiji. Alikuwa mwepesi wa palizi, lakini wepesi wake haukumfaa kitu. Aliyelima na aliyeegemea jembe wote walirudi nyumbani saa sita, kengele ilipolia tena.

Siku hiyo moyo wake ulikuwa Mikumi. Binti yake alikuwa amejifungua huko, na Ijumaa ijayo mtoto angetimiza siku arobaini. Bibi asipokuwepo, nani amtoe mjukuu nje?

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Stefano, alikuwa amesimama pembeni mwa shamba.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba barua ya ruhusa. Naenda Mikumi."

"Haiwezekani, Bi Mwanakheri. Hakuna kutoka kijijini mpaka palizi iishe."

"Mjukuu wangu anatimiza arobaini!"

"Na pamba yetu inatimiza magugu."

Watu wakacheka. Bi Mwanakheri hakucheka.

Jioni alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu wake, Katarina, alimwona amekaa tu mbele ya daftari.

"Shikamoo, mama. Leo kalamu imekuwa nzito?"

"Marahaba, mwanangu. Kesho alfajiri natoroka. Nchi ilipata uhuru zamani, mimi bado."

"Ukitoroka utarudi uikute amri ileile. Kwani aliyeipitisha ni nani?"

"Si huyo Stefano!"

"Hapana, mama. Ni mkutano mkuu wa kijiji. Watu walinyoosha mikono."

"Mimi sikunyoosha. Siku hiyo nilikuwa naanika mpunga."

"Na mkutano wa kabla ya huo?"

Bi Mwanakheri alitazama chini. "Hata huo, mwalimu, kulikuwa na mpunga."

Katarina alicheka, kisha akasema taratibu, "Mwenyekiti ana mamlaka, lakini sisi ndio tuliompa. Mkutano uliopitisha amri unaweza kuibadili. Kijiji kina haki ya kudai kazi yako, maana pamba ile ndiyo itakayotujengea zahanati. Na wewe una haki ya kwenda kumpakata mjukuu wako. Tafuta njia ya kulinda haki zote mbili. Kesho Jumapili kuna mkutano. Njoo useme."

Kesho yake Bi Mwanakheri alisimama mkutanoni.

"Ndugu zangu, mimi sikatai kazi. Ninachokataa ni kufungwa na kengele. Tugawane shamba kwa ngwe. Kila nyumba ipimiwe sehemu yake. Atakayemaliza ngwe yake, awe huru kwenda anakotaka."

"Na atakayelipua kazi?" aliuliza Stefano.

"Ngwe ikaguliwe kwanza, ndipo mtu aondoke."

Mzee Ulimboka akapaza sauti kutoka nyuma. "Na sisi wenye viuno vibovu?"

"Wazee na wagonjwa wapimiwe fupi, babu."

"Basi naunga mkono! Mkono ndio pekee usioniuma."

Kicheko kikavuma. Mikono ikanyooshwa, mingi kuliko siku zote. Stefano aliihesabu mara mbili, kisha akatabasamu. "Wengi wamekubali. Nami natii."

Jumatano mchana Bi Mwanakheri alimaliza ngwe yake. Stefano alikagua mstari kwa mstari. Hakuona gugu.

"Barua yangu?" aliuliza Bi Mwanakheri.

"Ya nini tena? Nenda, mama. Msalimie mjukuu."

Ijumaa, Mikumi, Bi Mwanakheri alimtoa mtoto nje akiwa amemkumbatia kifuani. Vigelegele vilisikika mpaka barabara kuu, dereva mmoja wa lori akaitikia kwa honi.

Aliporudi alistaajabu. Palizi iliyokuwa ikichukua mwezi ilikuwa imekwisha kwa wiki moja. Ilibaki ngwe moja tu, na ndani yake alikuwamo mtu mmoja, shati limelowa jasho. Alikuwa Stefano.

"Nilikuwa nakagua za wenzangu, yangu ikabaki," alisema akihema. "Na kesho dada yangu anaolewa Kimamba!"

"Pole, Ndugu Mwenyekiti. Hapo nyuma umeruka gugu."

"Wapi?"

"Hapo. Na hapo."

Stefano alirudi nyuma akinung'unika. Bi Mwanakheri alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha alitua mzigo wake chini, akaazima jembe kwa jirani, akaingia mstari wa pili.

"Wewe umeshamaliza yako," Stefano alimwambia. "Hakuna amri ya kukuleta humu."

"Najua," alisema Bi Mwanakheri, akaanza kupalilia.